Skrini Iliyohamia Kulia

Tusekile Mwaisaka hakuwahi kuona aibu kujisifu, na asubuhi ile alikuwa na haki yake. Alisimama katikati ya chumba cha uongozaji cha Kituo cha Machela, Makambako, mikono kiunoni, akawatazama watu wakifanya kazi bila kutukana. Hilo la kutotukana lilikuwa jipya kabisa. Alipofika pale mara ya kwanza, mwaka uliotangulia, chumba kizima kilikuwa kikitukana mitambo tangu chai ya asubuhi mpaka jua kuzama, kwa Kiswahili, kwa Kibena na kwa Kikinga, na mitambo ilinyamaza tu, haina habari.

Machela zenyewe hazikuwa na neno. Zilipaa juu ya milima ya Njombe na Makete, feni nne kila moja, hazina rubani, mgonjwa kalala ndani kafungwa mikanda. Mama aliyeshikwa na uchungu huko mabondeni alifika hospitali kabla jirani hajamaliza kuuliza kulikoni. Balaa lilikuwa kwenye programu ya kuziongozea. Jina lake la heshima lilikuwa Jabali. Wafanyakazi waliiita Bibi Kizee, na hata hapo waliipendelea. Kuifungua tu, uweke jina lako na alama ya kidole, ungeweza kuinjika viazi na vikaiva bado inakuuliza wewe ni nani.

Kwa hiyo hakuna aliyeifunga. Mtu akitaka kwenda kula, kusali au kujisaidia, alimgusa mwenzake bega na kusema, "Nishikie kiti." Mwenzake akahamia pale na kuongoza machela kwa jina lisilo lake. Wao waliita kushikiana. Asiyemshikia mwenzake kiti alikuwa mchoyo. Na anayesimulia nani kashika kiti cha nani, huyo hata salamu alikuwa hapewi.

Tusekile aliletwa aizike Jabali. Wakubwa walidhani atakuja na makompyuta. Alikuja na kigoda. Akaketi nyuma ya migongo ya watu, wiki nenda wiki rudi, akiuliza maswali ya kitoto: Hapa umebonyeza nini? Mbona umeguna? Kwa nini umefunika kona hiyo kwa karatasi? Dini yake ilikuwa moja, kwamba usimtengenezee mtu kitu kabla hujakaa naye. Alipochoka kuuliza alichora skrini kwenye maboksi ya sabuni, akawaambia wabonyeze boksi. Walicheka mpaka machozi, lakini walibonyeza. Walipokosea hakuwasahihisha. Alichana boksi akachora jingine, kwa sababu kwake mtumiaji akikosea, aliyekosea ni fundi.

Aliyemfungulia milango yote hiyo alikuwa mkuu wa zamu, Mzee Onesmo Kilasi, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Wenzake walipolalamika kuwa huyu binti wa Tukuyu anawachungulia, Kilasi aliwakata kauli: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muacheni achungulie, labda tutapona."

Na walipona. Kutoka kwenye maboksi ya sabuni alizaliwa Mwandani. Yeye hakuwa programu ya kuzoewa. Yeye ndiye aliyemzoea mtu. Kupitia kioo cha skrini alifuata macho ya aliyeketi, mkono wake unapositasita, neno analolitafuta na kulikosa, kisha akajipanga upya kidogo kidogo, kila siku. Mwenye vidole vinene alikuta vitufe vimetanuka. Asiyependa rangi nyekundu alikuta onyo linalia badala ya kuwaka. Hakukuwa na skrini mbili zinazofanana chumba kizima.

Wafanyakazi waliogopa mwanzoni, na nani asingeogopa? "Jicho linanitazama kutwa," alisema Mama Ombeni, mwongozaji wa kiti cha dirishani, kwenye kikao cha mwisho kabla Mwandani hajawashwa. "Halafu litakwenda kunisema kwa nani?"

Tusekile alisimama akaapa mbele yao wote. "Anachokijua Mwandani kukuhusu ni chako. Hakiendi kwa mkuu wa zamu, hakiendi kwa mkurugenzi, hakiendi hata kwa mkeo."

"Hasa kwa mke!" mtu akadakia, kikao kikaangua kicheko, na kwa kicheko hicho wakakubali. Tusekile aliliita neno hilo Agano la Meza. Bila Agano, Mwandani asingekuwepo.

Basi asubuhi ile alikuwa akizunguka nyuma ya viti, anafurahia kazi ya mikono yake, mpaka alipofika dirishani akasimama. Skrini ya Mama Ombeni ilikuwa tupu upande wote wa kushoto. Ramani, majina ya wagonjwa, hali ya upepo, maonyo, vyote vilikuwa vimesukumwa kulia vikabanana kama abiria wa lori la mnadani. Kushoto hapakuwa na hata alama moja.

Tusekile aliinama karibu na kioo. Alijua vizuri sana maana yake, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mwandani kujipanga hivyo. Mwandani havihamishi vitu kwa urembo. Anavihamisha kutoka mahali ambapo jicho haliendi. Aliyekuwa akiketi kiti hiki haoni upande wa kushoto.

*

Alimvizia Mama Ombeni kwenye banda la kulia chakula, wawili tu, sahani ya makande katikati na upepo wa Makambako unapiga mabati.

"Mama, naomba nikuulize jambo, usinikasirikie. Macho yako yakoje?"

"Macho yangu yana nini?"

"Upande wa kushoto. Unaona vizuri?"

Mama Ombeni aliweka kijiko chini. Alikuwa mwanamke wa maneno mafupi, na Tusekile aliona yale mafupi yakijiandaa. Badala yake mama alinyoosha kidole kuelekea kushoto kabisa, bila kugeuza shingo, mpaka kwenye duka la ng'ambo ya barabara. "Pale pameandikwa 'Tunauza mbolea na vocha.' Chini yake pameandikwa 'Deni haramu.' Na yule mwenye duka kavaa sweta kaligeuza. Nikusomee na kitambulisho chake?"

"Hapana, mama."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimeona skrini yako. Vitu vyote vimehamia kulia."

"Ahaa, hilo!" Mama Ombeni akacheka, hasira zote zikamtoka. "Mwenzangu, mimi nikadhani ndiyo usasa wenyewe! Kila nikija nakuta vimesogea zaidi. Nikasema labda huko mijini siku hizi watu wanapanga hivyo. Shingo inaniuma, lakini nimejizoesha. Nani anataka kuitwa mshamba?"

Tusekile naye alitaka kucheka, akajizuia. Ikiwa Mama Ombeni anaona mpaka sweta lililogeuzwa, basi Mwandani amemzoea mtu mwingine. Watu walikuwa wamepewa programu mpya inayofunguka kufumba na kufumbua, kila mtu na jina lake, lakini desturi ya Bibi Kizee haikuzikwa naye. Bado walikuwa wakishikiana. Na yeye, bingwa wa kukaa na watu, aliyeandika kushikiana kwenye michoro yake ya kwanza kama dalili ya ubovu wa Jabali, alidhani dawa ikipatikana dalili itajiondokea. Alijiona mjinga kweli kweli.

"Mama, ukienda kumlisha bibi mchana, nani anakushikia kiti?"

Kicheko kilikoma palepale. Mama yake Mama Ombeni alikuwa amelala kitandani nyumba ya tatu kutoka kituoni, hajiwezi, na kila mchana bintiye alikwenda kumgeuza, kumsafisha na kumlisha, akichukua sehemu kubwa ya zamu. Kituo kizima kilijua. Mama Ombeni alimtazama Tusekile, kisha akayatazama makande, na Tusekile akaona jambo linamwingia mwenzake taratibu, akikumbuka vikombe vya mtu fulani vilivyovunjika kimoja baada ya kingine, na bega lake linalogonga mlango kila siku upande ule ule.

"Usiniulize hilo," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu ananishikia kiti nikamlishe mama yangu, halafu mimi nimtaje? Sitaji."

Hakuhitaji kutaja. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale kituoni anayekula wa mwisho ili wengine wale kwanza.

*

Alimkuta Mzee Kilasi uwanjani, anakagua machela zilizopangwa kwenye nyasi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Kipengere. Mvua zilikuwa mlangoni.

"Kamwene, binti," alisalimu Kilasi kwa Kibena. Tusekile alikuwa amemjia kutoka kushoto, na mzee aligeuka tu aliposikia viatu.

"Kamwene, baba. Tangu lini huoni upande huo?"

Alitarajia akane. Kilasi alishusha pumzi ndefu, akaketi juu ya machela iliyokuwa karibu, mikono katikati ya magoti.

"Tangu baada ya mavuno. Kichwa kiliniuma siku moja, mkono ukafa ganzi, jioni ukapona. Nikasema ni uchovu. Baadaye nikaanza kugonga watu. Gari nimeliacha nyumbani, nawaambia natembea kwa mazoezi." Akacheka bila furaha. "Ila nikikaa na Mwandani naona kila kitu. Ulinitengenezea jicho, mwanangu. Sikujua hata kama linatengenezeka. Kwenye kiti kile mimi ni mzima."

Maneno hayo yalimwingia Tusekile, na haifai kuficha: yalimpendeza. Hakuna fundi asiyependa kuambiwa amefufua mtu. Lakini alikijua pia kitu ambacho Kilasi alikuwa anajitahidi kutokijua.

"Radi ikikata mtandao, Mwandani analala," alisema. "Inabaki skrini tupu. Ramani ya kawaida, sawa kwa kila mtu, nusu ya anga kushoto na nusu kulia. Machela ikija kutoka kushoto, baba, itakuwa haipo."

"Najua. Ndiyo maana nilitaka nikufuate mimi kabla wewe hujanifuata." Kilasi akainua uso, na sasa akazungumza haraka, kama mtu aliyelifanyia jambo mazoezi. "Ifundishe na skrini tupu ijipange. Nayo ihamie kulia. Wewe hilo ni kazi ya siku mbili. Nimebakiza msimu huu na ujao, nastaafu kwa heshima yangu, hakuna aliyejua, hakuna aliyeumia. Si uliniambia mwenyewe? Kaa na mtu, ujue anachohitaji, mtengenezee. Basi mimi ndiye mtu, na nahitaji hicho."

Ndiyo, ingekuwa kazi ya siku mbili. Tusekile aliiona skrini hiyo kichwani tayari, kila kitu kimekaa mahali pake. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo ubaya wake.

"Na nikimwambia mkurugenzi?"

"Utakuwa umevunja Agano. Uliapa mbele ya watu wazima, binti. Anachokijua Mwandani ni changu."

Hapo ndipo alipombana. Mkataba wake na kituo ulisema wazi kwamba akiona hatari kwa mgonjwa lazima aseme. Agano lilisema asiseme. Angelivunja, Kilasi angeondolewa, na kesho yake kila mtu chumbani angeanza kumkwepa Mwandani: kuvaa miwani ya giza, kubadilishana viti, kumdanganya kwa makusudi. Mwongozaji wa pili mwenye maradhi angejificha vizuri zaidi kuliko wa kwanza, na wa tatu vizuri kuliko wa pili. Na angenyamaza je? Mvua ingekuja, radi ingepiga, na mtoto wa mtu angekuwa huko juu, kafungwa mikanda, anamtegemea mzee asiyemwona.

Alizunguka machela ile mara kadhaa. Mkono wake ulipapasa godoro lake jembamba, mikanda yake, kile kidirisha kidogo cha kutazamia mawingu. Akatambua jambo lililomfedhehesha kuliko yote ya siku ile. Alikuwa amekaa nyuma ya kila mgongo wa kituo hiki. Hajawahi hata siku moja kulala humu ndani. Alikuwa ametengeneza chombo cha kuokoa wagonjwa, na katika watu wote aliokaa nao hakuwamo mgonjwa hata mmoja.

"Sitakusema kwa mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Agano ni Agano. Skrini tupu siigusi pia. Ila kesho lile zoezi la kabla ya mvua lipo palepale: mtandao unazimwa, machela mbili zinapishana juu ya uwanja, siyo? Huwa mnapakia magunia ya viazi badala ya wagonjwa."

"Siku zote ni viazi."

"Kesho gunia moja liacheni sokoni, nitalala mimi. Na kiti cha dirishani utakaa wewe, baba, kwa jina lako."

Kilasi alisimama ghafla. "Una wazimu! Kwenye skrini tupu hakuna kinga. Anayezuia zisigongane ni mwongozaji peke yake."

"Hivyo hivyo kwa mgonjwa," Tusekile alijibu. "Ukiona unaweza, nirushe. Nimekaa nawe mwaka mzima, nakuamini kuliko nilivyowahi kumwamini bosi yeyote."

Halafu akaondoka zake, mgongo umenyooka. 

*

Siku ya zoezi wafanyakazi waliposikia mtaalamu anapanda mwenyewe, walimtania vya kutosha. "Dada, umepima uzito? Viazi havijai hivyo!" Tusekile akawajibu kwamba viazi vya Njombe vikubwa vinatoka Tukuyu, wakamzomea. Mama Ombeni peke yake hakucheka. Alimfunga mikanda kwa mikono yake, akaikaza, akaikaza tena.

"Unajua unachofanya?" alimnong'oneza.

"Najua."

"Mungu akuhurumie basi," alisema mama, akamfungia kifuniko.

Ndani palinuka dawa na plastiki. Tusekile aliona kipande cha anga ya kijivu, basi. Hakuwa na usukani wala breki, hata kitufe hakikuwepo. Aliyelala humu hapewi kitu cha kubonyeza. Nje, machela ya pili yenye gunia ilikuwa tayari imeanza kunguruma. Alisikia ikipaa, mlio wake ukizunguka juu ya uwanja, ukirudi kwa upande wake wa kushoto. Kisha feni za machela yake zikaanza kuzunguka, godoro likatetemeka mgongoni.

Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyodhani, akamkumbuka mama yake, na katikati ya woga huo bado aliona yuko mahali ambapo angepaswa kuwa tangu siku ya kwanza.

"Chumba," alisema kwenye kipaza sauti, "mgonjwa yuko tayari."

Upepo ulipiga kifuniko.

"Mzee?"

"Nakusikia." Sauti ya Kilasi ilikuwa karibu mno, kama yuko naye godoroni. Alikuwa anahema. Tusekile alisikia kiti kikilia, kisha kikalia tena, akajua mzee anageuza shingo huku na huku akiitafuta kwenye ramani ile alama ndogo ya kijani ya machela ya mgonjwa. Mngurumo wa machela ya gunia ulipita juu yake, ukaenda, ukarudi. Neno moja tu lilitakiwa. Paa. Angelisema, feni zingetii.

Alisubiri. Hakumhimiza wala hakumbembeleza.

"Shuka, binti yangu," sauti ikasema hatimaye. "Nakusikia, lakini sikuoni."

Feni zikazimika. Tusekile alijifungua mikanda, akasukuma kifuniko, akavuka nyasi mbio, viatu mkononi.

Alipoingia chumbani, Kilasi alikuwa amesimama, vipokea sauti amevivua amevishika kifuani. 

"Nimewaambia tayari," alisema. "Nimewaambia upande wa kushoto mimi sioni, tangu baada ya mavuno, na kwamba hakuna aliyenisema. Nataka mlijue hilo. Hakuna aliyenisema, na Mwandani wenu hakunisema. Nimejisema mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hiki kifo hakingekuwa changu. Kingekuwa cha mtu mwingine, mtu asiyenijua hata jina." Sauti ya kwaya ilikatika, akaisafisha. "Mkurugenzi nitampigia mimi. Leseni yangu nitaipeleka kwa mkono wangu."

Mtu mmoja pembeni alianza kulia kwa sauti. Tusekile naye alilia, hadharani, mtaalamu mzima na viatu mkononi, na hakujali nani anamwona.

Mtandao uliporudi, skrini zote zikaamka kwa pamoja, na hapohapo kengele ikalia, ya kweli safari hii. Zahanati moja ya Makete: mama, mimba ya kwanza, damu haikatiki. Kwa mazoea ya miaka mingi vichwa vyote vikamgeukia Mzee Kilasi, vikisubiri aseme nani apokee.  Yeye akajisogeza nyuma, akakiacha wazi kile kiti cha dirishani.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mtazameni mgonjwa. Mama Ombeni, njoo umpokee."

Mama Ombeni aliketi, akavuta ramani yote ikajaa skrini kutoka ukingo mpaka ukingo, na kumwambia yule mama wa Makete kwamba wanakuja.